Gari la Akonaay Lakwenda Malishoni

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Dawa ya presha nimekunywa. Daftari hili nimepewa na Judica, mjukuu wangu muuguzi, niandike dawa. Amesema dawa tu. Daftari kurasa mia, dawa mstari mmoja. Kurasa nyingine niwaachie panya?

Maximilian amepiga simu kutoka Babati. Mwanangu wa kwanza, ana kitambi na haraka. Jumamosi ya tarehe 28 anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu kuchukua Landrova ya baba yake. Anasema gari limekaa bandani miaka minne tangu mzee afe, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Nimemwambia wanataga vizuri. Amecheka. Mimi sikucheka. Mwisho akatoa neno: siku hiyo gari likijipeleka lenyewe mpaka kanisani na kurudi, ataliacha. Alisema kama mtu anayemwahidi mtoto mwezi.

Jioni ukungu umeshuka mpaka bandani. Nimefukuza kuku, nikaingia mbele, upande wa abiria. Miaka thelathini na moja nilikaa nyuma kwenye gari hili. Mbele alikaa katekista. Mbele alikaa diwani. Mara moja alikaa kondoo dume mgonjwa, amefunikwa koti la Akonaay, mimi nyuma nashikilia magunia. Akonaay, marehemu mume wangu, alikuwa mtu mwema, ila kichwani mwake kulikuwa na sehemu zisizolimwa. Kila mara alisema zamu yangu itafika. Alikufa yeye kwanza.

Kioo kilijaa weupe mtupu. Nikakaa. Ikawa kama tunakwenda. Injini inanguruma, kiwiko changu dirishani, vilima vya Tlawi vinapita kimoja kimoja kama watu wanaokwenda misa ya kwanza, na mimi naviitikia salamu. Nimezinduka shingo inauma.

Nataka safari moja. Mbele. Injini ikiwaka. Basi.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Fundi Nicodemo amekuja, akalala chini ya gari. Akalala kweli. Nimemgusa kwa fimbo. Ndipo akayasoma magonjwa kutoka kule chini kama anasoma majina ya marehemu: rejeta imetoboka, betri imekufa, breki hamna, tairi mbili zimeoza, kabureta imeziba. Akataja bei. Nikamwambia akanawe uso, pengine bado anaota. Ameondoka amenuna.

Baadaye nikichambua maharage akili ikafunguka. Ng'ombe akiugua na majani hamna, unafanyaje? Unamweka kwa rafiki, mbali, kwenye malisho mazuri. Rafiki anakunywa maziwa. Rafiki anamtibu. Ng'ombe anabaki wako. Baba yangu alifanya hivyo, babu yangu alifanya hivyo, na sijasikia aliyelipa hata senti kwa kuponywa ng'ombe wake.

Sasa gari ni nini?

Gidabuday wa Mogitu, kule Hanang, alikuwa rafiki wa Akonaay. Ng'ombe wetu wamelala kwake, wa kwake wamelala kwetu. Na mwanawe Basili ni fundi wa magari. Ana gereji! Neno "kutengeneza" halitatoka mdomoni mwangu. Nimecheka peke yangu mpaka ungo umepinduka.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimempigia Gidabuday. Salamu kwanza. Mke, watoto, mbuzi, mvua. Kisha nikasema nina ng'ombe nataka kumweka kwake. Akauliza rangi. Kijani, nikasema, na kutu kidogo. Akauliza kama anapiga mateke. Zamani alipiga, sasa amechoka. Akauliza habari ya maziwa. Yamekauka, nikasema, majani ya Hanang yatayarudisha.

Nikasikia anacheka mbali na simu, mzee mzima. Halafu akasema rafiki hakatai ng'ombe wa rafiki. Ila akauliza jambo moja.

"Shemeji, tunaweka kwa desturi? Desturi yote?"

"Yote," nikasema.

Ananiuliza mimi desturi. Nimezaliwa nayo.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Limekwenda. Basili amekuja mwenyewe kushika stelingi, na Joakimu wa hapa kijijini akalivuta kwa mnyororo nyuma ya lori lake la vitunguu saumu. Joakimu alinikaribisha nikae mbele na Basili, niwasindikize. Nimekataa. Kuvutwa si kupanda gari.

Jirani yangu Hilda akachomoza shingo juu ya ua. Huyu mwanawe amemnunulia gari la Noah. Kila Jumapili anakaa mbele, miwani myeusi usoni, hata siku ambayo jua halijaonekana tangu Alhamisi. Akauliza kwa huruma ya uongo kama gari limekufa, na linakwenda kuzikwa wapi. Nikamjibu linakwenda malishoni. Akabaki ameshika ua.

Gari likaingia kwenye ukungu, likawa nusu, likawa kivuli, likawa sauti ya mnyororo. Nimesimama mpaka sauti nayo imeisha. Banda limekuwa kubwa mno. Kuku wanazunguka, hawajui watage wapi. Nimewakaripia, kumbe nami nilikuwa nazunguka.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Simu ya Gidabuday. Ng'ombe amefika salama. Amekunywa maji mengi sana, mengine yamepita chini. Basili amempasua tumbo, amesafisha, ameshona. Jana amesimama kwa miguu yake na kutembea mpaka kwenye kisima. Mpango wangu umekaa kama chungu kwenye mafiga.

Mchana nimesinzia jikoni. Nimeliona. Liko chini ya mlima Hanang katikati ya ng'ombe, linakula majani polepole, boneti inafunguka na kujifunga. Mlima umejitanda wingu begani. Akonaay ameegemea fimbo, analichunga, wala hajazeeka. Nikamwambia anifungulie mlango wa mbele. Akasema nisubiri, bado linacheua. Nikasubiri. Majani yalikuwa yanalala na kuinuka kwa upepo, na mimi nasubiri tu, mpole kabisa. Nimeamka nimejikasirikia. Hata ndotoni!

Jumapili, tarehe 22 Juni

Baada ya misa Hilda amenisogelea. Nilijua ana kitu, alikuwa anatembea kama amebeba yai. Alikwenda mnadani Katesh, akaliona gari letu. Limeoshwa, linapiga honi, limepakia watu na mbuzi. Na mbele? Mke wa Gidabuday, kiwiko dirishani. Hilda akanionyesha kwa kiwiko chake mwenyewe, mara mbili, ili nielewe vizuri. Nikamwambia najua. Sikujua.

Nimempigia Gidabuday, maneno yakanitoka kama nyuki. Alisubiri yaishe.

"Shemeji," akasema, "maziwa ni ya anayechunga."

Ananifundisha desturi. Mimi! Nikasema basi namtaka ng'ombe wangu, Jumamosi kuna kazi naye, la sivyo Maximilian anamchinja. Akanikumbusha taratibu kwamba ng'ombe hadaiwi kwa simu. Mtu huja, hukaa, hunywa, ndipo huuliza. Desturi yote, tulikubaliana.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Nimefika Mogitu. Nimekaa. Nimekunywa. Mke wa Gidabuday amenipokea vizuri mno, amenitandikia ngozi laini, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje. Wema huo umeniudhi sana. Gari liko uani, kijani chake kimerudi, linang'aa kama mtu aliyetoka kubatizwa.

Nikauliza. Gidabuday akasema ng'ombe ni wangu, nimchukue hata sasa hivi, kama alivyokuja. Kama alivyokuja! Rejeta ni ya Basili. Betri ni ya Basili. Tairi mbili ni za Basili. Hao, akasema, ni ng'ombe wengine wa boma, wamesimama karibu naye tu. Wao wanabaki.

Nikauona mtego. Nimeutega mwenyewe na mguu ulioko ndani ni wangu. Nikainua kibuyu, nikanywa polepole, nikafikiri haraka. Nikasema kwetu Tlawi ng'ombe aliyewekwa huletwa nyumbani siku moja, akiwa na wenzake wa boma, ili ukoo umwone alivyonenepa. Desturi hiyo nimeitunga papo hapo, maziwa yakiwa bado mdomoni.

Gidabuday akanitazama sana. Akasema hajawahi kuisikia, ila ni desturi nzuri, na mke wake hajafika Tlawi. Watakuja wote Jumamosi.

Jumamosi, tarehe 28 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Maximilian amefika na mnunuzi wake, mtu wa Hanang, kimya, mnyororo begani. Wamekuta banda tupu. Kabla hajaniuliza tukasikia mngurumo. Gari likatokea kwenye weupe kama linazaliwa. Maximilian akaweka mkono kichwani.

Mbele kuna viti vitatu. Basili kwenye stelingi. Gidabuday katikati. Mke wake dirishani. Wageni hawashushwi. Nimepanda nyuma na mwanangu na mnunuzi. Ukikaa nyuma hupelekwi mahali, unaona tu barabara ikikuacha.

Chini kwenye kijito, kabla ya kilima cha kanisa, likakohoa, likanyamaza. Basili akasema lisukumwe mpaka juu, kwenye mteremko litawaka. Wote wakashuka isipokuwa yeye. Nikatangaza kwamba mwenye presha hasukumi. Nikafungua mlango wa mbele. Nikakaa.

Hapa nitaandika polepole.

Injini ilikuwa imezimika. Nyuma zilisikika pumzi tu: mwanangu, mnunuzi, Gidabuday, mke wake aliyenitandikia ngozi laini. Gari likapanda kama mtoto aliyelala anayebebwa kupelekwa kitandani. Tukafika juu. Mikono ikaliachia. Likaanza kuteremka lenyewe, bila sauti yoyote, ukungu unafunguka mbele yetu na kujifunga nyuma yetu. Sikuona miti. Sikuona barabara. Niliona weupe tu, unatupisha. Kiwiko changu kilikuwa dirishani, kimelowa. Mahali fulani ng'ombe alilia, akawa upande wa kulia, kisha nyuma, kisha hayupo. Nikafikiri, kama waliokufa wanakwenda hivi, basi Akonaay hakupata taabu.

Halafu Basili akaachia klachi. Injini ikawaka, mlango wa kanisa ukatokea, na akina mama wa usafi wa Jumamosi wakasimama na mifagio yao. Hilda alikuwa mbele yao. Nimempungia mkono.

Nilikuwa nimejifunga blanketi, baridi ilikuwa kali. Ukungu ulikuwa mzito. Na miwani yake ile myeusi. Hilda akamwuliza Basili kama gunia lile la mbele ni mahindi ya sadaka, na lishushwe wapi.

Kabla sijashuka kumjibu, wenzetu wakafika kwa miguu wanahema. Mke wa Gidabuday alikuwa anachechemea. Mgeni. Nikampisha. Nimerudi nyumbani nyuma, pamoja na barabara.

Uani, Maximilian akasema kusukumwa si kujipeleka, makubaliano ni makubaliano. Mnunuzi akaanza kukunjua mnyororo. Nikatafuta hila. Sikuwa nayo. Nikaona waziwazi wanavyolikata vipande vipande na kiti changu ndani yake.

Gidabuday akaweka fimbo juu ya boneti.

"Huyu amewekwa kwangu," akasema. "Ng'ombe wa kuwekwa hauzwi mtunzaji akiwa amesimama hapa."

Mnunuzi akaiangalia fimbo. Akaniangalia mimi, akauliza kama ni kweli tuliweka kwa desturi. Nikasema yote. Akaukunja mnyororo. Alimweleza Maximilian kwamba baba yake yeye mnunuzi ana ng'ombe kumi na wawili kwenye maboma ya watu. Leo akimgusa huyu, kesho wale wote watageuka nyama.

"Mama," Maximilian akasema, "gari la baba umeliweka kama ng'ombe?"

Nimemwambia angekuwa na akili angeliweka yeye. Akakaa kwenye ndoo, akacheka mpaka akajifuta macho kwa tai.

Saa kumi limeondoka kurudi Mogitu. Limepona. Haliuzwi. Haliko kwangu. Kitu cha mwisho nilichokiona ni kiwiko cha mama yule, dirishani, kinaingia kwenye ukungu.

Jumatatu, tarehe 30 Juni

Nimewaza siku mbili. Kosa nimeliona. Kosa si kuweka gari kwa desturi. Kosa si ile desturi niliyoitunga, ile ilikuwa nzuri, kila mtu ameisifu. Kosa ni mke. Mtunzaji akiwa na mke, kiti cha mbele kina mwenyewe. Na safari ya Jumamosi haihesabiwi. Injini ilizimika, na walioniona waliona mahindi. Inatakiwa nyingine, siku ya jua.

Gidahosh wa Bashay amefiwa na mke miaka sita sasa. Ana majani. Ana mpwa fundi. Ng'ombe huhamishwa kwa mtunzaji mwingine, hilo linajulikana, ukisema tu malisho ya kwanza yamechoka.

Nimempigia asubuhi. Salamu zote. Kisha nikaenda moja kwa moja, mimi sizunguki. Nikamwuliza kama bado anaishi peke yake. Akasema peke yake. Nikamwuliza kama ana mpango wa kuoa. Akasema hakuwa nao. Nikamwambia vizuri, basi aje Jumapili nyumbani, nina jambo nataka kuliweka mikononi mwake. Gari sikulitaja kabisa. Mambo haya hayasemwi kwa simu. Hilo nimejifunza.

Amekohoa. Sauti yake ikawa nyingine, kama ya kijana. Amesema Jumapili atafika bila kukosa, na wazee wawili wa ukoo wake, na debe la asali.

Asali ya nini, sijui. Ila wazee ni wazo zuri. Watasukuma.