Meno ya Maksai wa Mjomba

Jumatatu, 18 Novemba 2024
Bwana asifiwe, daftari langu. Hapa Nyasura mvua imeanza na shamba la pamba bado sijaligusa. Maksai ninaye mmoja. Mwenzake alikufa Agosti. Mmoja havuti plau. Boniphace, mdogo wangu, analima na wawili, huku anaimba kwaya. Makusudi hiyo! Leo Mjomba Wanzagi wa Butiama amepiga simu: ananipa maksai. Bure. Nyangi, mke wangu, amelia kwa furaha. Mimi sikulia. Mzee ana maksai sita, anitolee mzuri kwa nini?

Jumatano, 20 Novemba
Mpango umekamilika. Nitamfungua ng'ombe mdomo mbele ya watu, nitalalamika meno yameisha, mjomba ataona aibu, atanibadilishia na yule mwekundu mwenye nundu kubwa. Nyangi kasema ng'ombe wa kupewa unashika kamba kwa mikono miwili, unashukuru, unaondoka; meno yanaangaliwaga mnadani. Nikamjibu kuwa makini si dhambi. Nimefunga kuombea safari. Saa tano nikafungulia kiporo.

Alhamisi, 21 Novemba
Butiama. Wazee wanne kwenye viti. Maksai mweusi, mpole. Mjomba akanipa kamba. Mkono mmoja kwenye kamba, wa pili puani. Mdomo wazi.

Meno manane, yote yapo, meupe, hata hayajalika. Ng'ombe wa kulimia miaka! Ningenyamaza hapo. Ila nilikuwa nimeshajipanga siku mbili. Nikatikisa kichwa, nikasema huyu amezeeka kidogo, labda yule mwekundu.

Mjomba hakugomba. Alichukua kamba yake taratibu.

"Mugeta, kwenye msiba wa mama yako nilileta ng'ombe wawili. Hakuna aliyewafungua mdomo. Wewe mwanangu nenda mnadani."

Shangazi Bhoke, mke wake, akaniletea ugali na samaki, sato. Nimekula peke yangu. Ee Mungu, nisamehe. Sato alikuwa mdogo.

Jumamosi, 23 Novemba
Maksai mweusi amepita mbele ya nyumba yangu. Anaongozwa na Boniphace. Wanasema alipiga magoti kupokea. Sasa ana watatu!

Jumapili, 24 Novemba
Kanisani nimelia mpaka mchungaji akanishika bega. Nimeungama kiburi. Nimeahidi: nikipewa, nitapokea. Basi.

Jumanne, 26 Novemba
Majirani wote wameshapanda. Kwetu magugu yamefika magotini, na pamba ndiyo inatulisha mwaka mzima.

Jioni Boniphace kaja. Akavua kofia, akasema, "Kaka, kesho nakuja kukulimia. Sitaki chochote."

Nikampa mikono miwili. Nikamshukuru. Nyangi akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Halafu nikawaza: hataki chochote? Kwa nini? Nikamwomba kwa upole tu, atangulize plau hapa nyumbani niuone ulimi wake, isije ikawa butu, akanikwaruzia shamba.

Boniphace akavaa kofia yake. Akamuaga shemeji yake. Mimi hakuniaga.

Nyangi ametoa jembe la mkono nyuma ya mlango, ameenda shambani na giza linaingia. Nimemfuata hadi kwenye mpaka wa shamba, kwa upendo kabisa, kumwambia huo mpini una ufa.