Kifua, Kiuno na Urefu wa Pipa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amesema cherehani iondoke jikoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Anasema imekaa miaka miwili bila kazi, inakula nafasi ya friji. Mume wake akaitikia kwa kichwa huku anatafuna. Huyo mkwe wangu angekubali hata mimi niondoke, mradi chai isipoe. Wamenipa hadi Jumapili.

Nimeitazama sana. Ndiyo iliyomlisha huyo binti, ikamvisha, ikamsomesha. Sasa wanaiwekea vitunguu juu. Nikajigusa kichwani, isije ikawa na mimi ninacho kimoja.

Lakini jioni mkwe kalalamika kuwa mifuko ya pipa la taka ni midogo, inazama ndani pamoja na maganda. Nikainua kidole. Nikasema pipa hili halijawahi kupimwa na fundi.

Jumanne, 4

Nimelipima. Kifua, kiuno, urefu wa mgongo. Makalio halina. Nikaandika daftarini kama kwa wateja wote, na pembeni: mtulivu, hakuvuta tumbo ndani.

Mwenye duka akanitandazia saizi tatu. Akasema ya kati ndiyo yako, mzee, inabakiza kiganja kimoja cha kukunja mdomoni. Nikamwambia ya kati ni ya watu wasio na fundi nyumbani. Nikachukua kubwa, za mapipa ya maofisini. Pipa letu lingeingia humo, na mkwe juu yake. Nguo pana inapunguzwa. Nyembamba utaifanyaje?

Narudi, nakuta pazia la sebuleni limewekwa juu ya cherehani. Refu, linaburura sakafuni. Binti akauliza kama nina nafasi ya kulipunguza. Nikamwambia ampelekee fundi wa pale kona, mimi nina kazi ya maana.

Jumatano, 5

Mifuko kumi. Plastiki inateleza chini ya sindano kama sabuni, lakini mshono umenyooka, nimeupitisha mara mbili. Pipa limevaa likapendeza, utadhani linakwenda harusini. Mkwe kakanyaga kile kipedali cha mfuniko mara tatu bila taka mkononi. Binti kasema, haya baba, umetuweza. Pazia bado lipo pale pale.

Nimelala mchana kama mtu mwenye ajira.

Ijumaa, 7

Mbaya. Mkwe kashusha taka asubuhi, kutoka ghorofa ya tatu. Kila sindano ilipopita imeacha tundu. Maji ya samaki na majani ya chai yakamtiririkia suruali, kisha ngazi zote. Mama wa ghorofa ya kwanza, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepiga deki, kafuata michirizi hadi mlangoni kwetu. Akaniuliza kwa upole kama nyumba yetu inajikojolea. Nikamwomba angalau aone matone yalivyopangana kwa mstari. Hakuona.

Ngazi nimezipiga deki mwenyewe, kwa magoti. Katikati nikapumzika na kufikiri. Miaka arobaini watu walinitafuta wenyewe, wakabisha hodi na vitambaa kwapani. Leo nasaka mteja hadi kwenye pipa. Wazo hilo halikunipendeza. Nikalikamua pamoja na tambara.

Jumapili, 9

Binti kanunua mifuko ya kati. Imekaa barabara, kiganja kimoja cha kukunja.

Kisha akaketi karibu yangu. Akasema pazia hakumpelekea mtu, fundi wa kona hashoni kama mimi. Akasema nikilipunguza hilo, yapo mengine mawili chumbani, na hiyo friji itatafutiwa pengine. Cherehani ibaki. Akavitoa vitunguu mwenyewe, kimoja kimoja. Nikajifanya vimeniwasha macho.

Wametoka kutembea. Nyumba kimya. Nimeitia cherehani mafuta, nikalitandaza pazia mezani, nikashika mkasi. Kitambaa kizito, kizuri, kinafyonza maji. Nikakipapasa muda mrefu. Ndipo nilipoliona kosa la Ijumaa. Ile mifuko haikukosa kitu ila bitana ya ndani.

Nimeshakata. Vipimo nilikuwa navyo daftarini: kifua, kiuno, urefu wa mgongo.