Soksi ya Ubavu wa Kushoto

Jumatatu, 7 Julai
Nimemfumia mke wangu soksi. Jozi nzima, kwa mikono hii hii, na uzi nimeusokota mwenyewe kutoka manyoya ya kondoo. Fundi hasa!

Haya, uongo. Lakini ndivyo nilivyomwambia Tabitha kwenye simu, tena nilisema vizuri sana. Yuko Themi kwa binti yetu Irine. Aliondoka akisema kila Julai namwahidi soksi, kila Julai miguu yake inaganda, basi itakaa huko chini kwenye joto mpaka soksi zipatikane. Nilicheka. Sasa nakula ndizi zilizoungua nje, mbichi ndani. Hata ile miguu ya barafu aliyokuwa ananibandika mgongoni, nikapiga kelele, naitamani.

Nilitegemea alie kwa furaha. Akasema safi sana, baba Irine, Jumapili ni sikukuu ya mavuno kanisani, zitoe sadaka mbele ya usharika, yeye atazinunua mnadani arudi nazo nyumbani. Zisipoonekana, nisimtafute.

Mbele ya usharika! Simu imenidondoka kwenye bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando kila mahali.

Jumanne, 8 Julai
Kondoo sina. Jirani yangu Elinami anaye dume mweupe, manyoya kama godoro, anampenda kuliko wanawe. Nimwombe? Elinami, ambaye mpaka leo anahadithia watu nilivyotumbukia mferejini na suti? Afadhali nife.

Nikangoja aende kikao cha kahawa. Nikamlaza dume, nikanyoa ubavu wa kushoto. Kazi safi! Kumgeuza tu, teke la tumbo! Akapotelea migombani, mkasi wangu umenasa kwenye manyoya ya kulia. Na mpini wa mkasi ule umefungwa kipande cha kitenge cha Tabitha, kila mtu anakijua.

Nimekimbia. Sikujua bado naweza.

Jumatano, 9 Julai
Elinami kapita asubuhi. Nilishaandaa viapo vitatu. Hakuuliza kitu! Akasema tu baridi ya mwaka huu ni ya ajabu, hata kondoo wanavaa upande mmoja. Nikasema ni mabadiliko ya tabianchi. Akaitikia kwa heshima, akaenda zake. Angenipiga nisingeshtuka hivi.

Mchana nimesokota. Kijiti nimekichomeka kwenye kiazi, nikakizungusha kama bibi yangu marehemu. Uzi umetoka! Pengine mwembamba kama utando wa buibui, pengine mnene kama kamba ya ng'ombe, una mafundo. Lakini hapa sidanganyi: nimeusokota mimi.

Sindano za kufumia sina, nimeng'oa spoku za baiskeli. Nilichofuma, kuku amekiona akakimbia. Baiskeli nayo haisimami tena.

Alhamisi, 10 Julai
Nimempelekea uzi Magreth, yule mama wa kwaya anayefuma sweta za kuuza Ngaramtoni. Nimeahidi kumpalilia kahawa. Akauliza manyoya ya nani. Nikasema ya urithi. Akacheka mpaka akakaa chini. Sijui nini cha kuchekesha.

Jumamosi, 12 Julai
Magreth kanipa soksi. Moja! Nikamuuliza ya pili iko wapi. Akasema mnyama ana mbavu mbili, baba Irine, wewe umeniletea mmoja.

Kajuaje? Nani kamwambia?

Mpango: nitasema nyingine naitoa Krismasi. Sadaka kwa awamu.

Jumapili, 13 Julai
Siku mbaya kama hii haijapata kutokea. Baada ya ibada, mnada. Mkungu ukaenda, kuku wakaenda. Mzee Mikaeli, mnadishaji, akainua soksi yangu, akaigeuza, akauliza kama usharika una mtu wa mguu mmoja. Kicheko mpaka madirisha yakatikisika.

Nikasimama nieleze awamu. Elinami akaniwahi, na sadaka yake mkononi. Soksi! Pacha wa yangu, ila laini! Nyuma yake yule dume, uchi pande zote mbili, anatetemeka, shingoni amevishwa mkasi wangu na kitenge chake. Elinami akaeleza kwa upole kwamba alimkuta mnyama kanyolewa nusu, akaona aibu, akamalizia. Mkasi aliukuta hapo hapo. Mungu hutoa! Magreth kwenye kwaya anatazama dari.

Tabitha aliangalia kitenge, akaangalia dume, akaniangalia mimi. Hakuna aliyemweleza. Alisoma hadithi yote kwenye ngozi ya kondoo.

Nikajua ndiyo basi, anarudi Themi. Akazinunua zote mbili, hakuna aliyethubutu kupandisha bei. Akakaa kwenye benchi, akavaa. Ya kulia, kimya. Ya kushoto, akaruka! Akapapasa mafundo ya unyayoni, akauliza uzi huu kausokota nani. Magreth akaninyooshea kidole. Tabitha akaivuta mpaka juu ya kifundo. Kisha akasema inamuumiza sana, basi kweli hii ni ya mume wake.

Akaniambia nibebe mkoba wake, tunapanda nyumbani. Sharti moja: dume atakufa kwa baridi, kwa hiyo nimfumie sweta, mimi mwenyewe, kabla ya Jumapili.

Sweta! Ya kondoo!

Jumatatu, 14 Julai
Miguu imerudi mgongoni. Wa kushoto unachoma kama mchongoma. Raha!

Elinami kapiga simu kuulizia sweta. Nimemwambia nimemaliza, nimetia hata kola. Sijaanza, lakini Yiamat, yule mfugaji wa kule chini, ana jike la manyoya mazito, na siku ya gulio hashindi nyumbani. Safari hii nitaanza na ubavu wa kulia. Kilichokosekana ni kifaa tu.

Tabitha, najua nikikupa kisogo unasoma humu. Jana usiku nimevumilia mafundo yale mgongoni hadi asubuhi bila kupiga kelele, kwa hiyo una deni langu dogo. Nenda kwa Elinami, kaniombee mkasi wangu.