Helikopta ya Kumrudisha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Aliaga kwamba anakwenda kupumzika kidogo. Kupumzika na nini? Na mimi, bila shaka! Leo nimejipitisha pale, eti natoka sokoni. Shemeji, mume wa dada mtu, yuko uwanjani anarusha helikopta ya rimoti. Watu wazima wanamwita Rubani, hawaoni haya. Na mke wangu juu kwenye roshani, anapiga makofi! Mimi kanipigia makofi siku ya harusi tu, na hata siku hiyo aliwafuatisha wageni.
Nimeamua. Nanunua yangu, naifunga kadi ya kuomba radhi, naitua kwenye roshani ile. Atarudi mbio.

Jumanne, 4 Machi
Dukani. Muuzaji kauliza kama nimewahi kurusha. Nikamjibu nimeshapanda ndege. Akanionyesha kidude cha kukaa kiganjani, mapanga mawili ya kuzunguka, moja juu ya jingine. Eti kwa anayeanza ndiyo yenyewe: ukiachia rimoti inatulia hewani, unajifunzia sebuleni, ikianguka haivunjiki. Ile kubwa ya dirishani ni ya mabingwa, akasema, haimsamehe mtu, na upepo kidogo tu inakwenda zake.
Nikachukua ya dirishani. Mtu mzima hatumi nzi kupeleka radhi.

Jumatano, 5 Machi
Jaribio la kwanza, karakana yetu ya fremu za picha. Bosi kaenda kula. Imeinuka! Halafu ikageuka ikanikabili uso kwa uso. Nasukuma kushoto, inakwenda kulia! Hakuna aliyeniambia kwamba ikikutazama mambo yanageuka. (Muuzaji aliniambia. Nilikuwa naangalia boksi.) Imepasua kioo cha picha ya mahafali ya mteja. Mimi chini ya meza. Bosi karudi, kauliza kulikoni. Nikasema upepo. Akaangalia madirisha: yote yamefungwa. Nimepewa likizo nisiyoiomba.

Alhamisi, 6 Machi
Rubani kapiga simu. Habari zimemfika. Eti ana ile ndogo ya kuanzia, yuko tayari kuniazima na kunifundisha taratibu. Dharau gani hii! Nikamshukuru kwa sauti ya barafu, nikakata. Nimefunga mapanga mapya. Vidole vyote vina plasta.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kaja! Kasimama mlangoni na begi lake. Mimi nimepiga magoti sebuleni, naifunga kadi kwenye helikopta.
"Nimekuja tuzungumze," akasema.
Nikamwambia hapana, arudi kwanza kwa dada yake, akae roshani. Asiniharibie.
"Nini?"
"Rudi. Kesho utaona."
Akaniangalia mpaka nikaona aibu, sijui ya nini. "Miaka yote hii nangoja uniombe radhi kwa mdomo wako."
Nikamwambia imo kwenye kadi.
Kaondoka. Mlango hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 8 Machi
Upepo! Roshani niliilenga vizuri kabisa. Helikopta ikapanda ghorofa moja zaidi, ikajisokota kwenye nguo zilizoanikwa za bibi mmoja, ikazimika humo. Bibi akachomoa kadi, akaisoma yote, akaegemea ukuta wa roshani yake na kunitangazia, mtaa mzima unasikia, kwamba amenisamehe.
Mke wangu alikuwa dirishani. Nilitegemea atacheka. Akavuta pazia.

Jumapili, 9 Machi
Dada mtu kaja kuchukua nguo za mke wangu zilizobaki. Kabati limebaki na henga zinagongana. Nikauliza mwenyewe kasema nini. Akajibu kwamba kasema basi. Basi nini? Basi tu.
Nimekaa upande wake wa kitanda, nikawaza kwa kina, bila kujionea huruma. Kosa langu nimeliona: helikopta ilikuwa nyepesi. Ipo ya injini ya petroli, inamudu upepo na inasikika mitaa mitatu.
Kesho nadamkia dukani, asije mjinga mmoja akaniwahi.