Zoezi la Kuaminiana, Kigongo

Jamani, leo sina uso.

Mnajua nafanya ukalimani kwa wale wanafunzi wa Ulaya waliokuja kukaa Mwanza kusomea ujasiriamali wa kijamii. Leo tulikwenda karibu na Kigongo, kwenye kikundi cha akina mama wanaokausha dagaa. Kijiji chenyewe ndiko kwao Neema, mchumba wangu. Posa nimeshapeleka, jibu nalingoja Jumamosi. Kwa hiyo nilichomekea shati, nikajipulizia na manukato (yalishindwa na dagaa, lakini nilijaribu).

Mama yake Neema nilikutana naye siku ya kujitambulisha tu. Kumwona, sikumwona. Kwetu Wasukuma mama mkwe hatazamwi usoni, wala hashikwi mkono. Siku ile nilikodolea macho ndala zake mwanzo mwisho. Za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Na leo Neema aliniambia mama kaenda shamba.

Basi Lena, kiongozi wa wanafunzi, akasema kabla ya kuongelea mradi tufanye zoezi la kuaminiana. Wawili wawili, mshikane mikono, mtazamane machoni. Nikatafsiri. Akina mama wakatazama chini. Hakuna aliyesogea.

"Onyesha mfano," Lena akaniambia. "Chagua mwenye aibu kuliko wote."

Nikamwona mmoja kajificha nyuma ya wenzake, kajifunika kitenge mpaka puani. Nikamfuata. Akakwepa. Nikamfuata tena. Akaanza kuzunguka chanja ya dagaa, mbio. Na mimi mbio!

"Mama, usiogope! Maendeleo hayaji kwa kujificha!" (Nilisema hivyo. Kwa sauti.)

"Kijana, hebu mwache huyo!" mwenyekiti wa kikundi akapiga kelele.

"Leo haachwi mtu nyuma!" nikajibu. Wanafunzi wakapiga makofi. Makofi yakanipanda kichwani.

Nikamzibia njia mwisho wa chanja, nikamdaka mikono yote miwili. Kitenge kikaanguka. Akafumba macho.

"Fumbua macho, mama! Niamini!"

Wote wakageuka kututazama. Hata wale waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha.

"Mayuu!" mmoja akashika kichwa. "Kamshika mkwewe!"

Nikatazama chini. Ndala za bluu. Ya kushoto ina waya.

Mngedhani nilimwachia papo hapo. Wapi! Mikono iliganda. Nikabaki nimemshika huku nasema, "Shikamoo, mama." (Hajaitikia mpaka sasa.) Akajichomoa, akainama, akapita chini ya chanja, akatokomea kwenye migomba bila ndala.

Nikaenda kujificha kwenye gari. Lena akanifuata, kafurahi kweli. "Picha imetoka nzuri sana! Tunaiweka kwenye jalada la ripoti."

Nilitaka kulia, na sitanii. Mama wa watu alikuwa anakimbia ili aniheshimu, nami nikamfukuza kama kuku wa sikukuu. Tena mbele ya majirani zake. Naona aibu hata kuandika.

Neema kanipigia sasa hivi. Hakunisalimia.

"Baba anauliza, ile posa ulileta kwa ajili ya nani? Mimi au mama?"

Atakayecheka, kwanza aje anisaidie kumjibu mzee.