Pazia la Mama Mkwe na Dashibodi Iliyozimika

Jumatatu, 7 Julai 2025. Matisi, Kitale.

Dashibodi imezimika! Nilikuwa natoka Kiminini saa moja jioni, nikawasha taa, mbele yangu giza tupu. Sioni mwendo, sioni mafuta. Taa kubwa za mbele zinawaka vizuri. Nimeipiga dashibodi ngumi tatu. Haikuwaka. Mkono umevimba.

Na wiki yenyewe ndiyo hii! Jumamosi nawabeba akina mama wa kanisa kutoka Bokoli kuja Kitale kwa maombi, na kuwarudisha. Mwenyekiti wao ni mama mkwe wangu, Mama Jentrix. Wakiridhika, gari langu litafanya safari zao zote mwaka mzima. Wasiporidhika, Nasike mke wangu ameshasema: hii van inatoka mbele ya duka lake kabla Julai haijaisha, inaenda kwa Kipkemboi. Kipkemboi ni mwanyumba wangu, ameoa dada yake Nasike. Ana van mpya. Yangu anaitaka ya kufugia vifaranga. Vifaranga! Gari ambalo limefika Malaba na kurudi!

Lakini mimi nina kitu ambacho Kipkemboi hana. Pazia. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawatazamani usoni, sembuse kubanana gari moja. Kwa hivyo jana baada ya kanisa nilifunga pazia nyuma ya kiti cha dereva. Ni shuka ya Nasike, rangi ya maziwa. Skrubu sita, tatu kila upande, zimezama kwa nguzo za mlango mpaka kichwa. Kazi safi kabisa.

Jumanne, 8 Julai.

Kwa Gicheru, fundi wa umeme wa magari. Amefungua kisanduku cha fyuzi chini ya usukani, akachomoa moja. Imeungua. Ati hiyo ndiyo ya taa za dashibodi na taa za nyuma pamoja. Nikazunguka nyuma. Kweli, nako kumekufa. Akaweka fyuzi mpya, nikawasha, tap! Ikaungua. Nyingine, tap! Akasema kuna waya mahali umegusa bodi ya gari. Akauliza nimegusa nini siku hizi. Nikasema hakuna. Pazia si kugusa gari, ni urembo.

Akasema basi ataufuata waya kutoka mbele mpaka nyuma, na kwanza tutoe hilo pazia. Ng'o! Saa hiyo hiyo nani anaingia gereji kununua balbu? Kipkemboi. Alione pazia aende aige? Nikasimama mlangoni nimetanua mikono, nikamwambia Gicheru nimekumbuka nina mgeni nyumbani. Akasema sawa mzee, lakini nisije nikailazimisha fyuzi, kwa sababu inaungua ili gari lisiungue. Maneno ya fundi anayetafuta kazi.

Jumatano, 9 Julai.

Nimeilazimisha fyuzi. Nimeizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Dashibodi ikawaka! Nikaona namba zote mpaka mia na sitini. Nikapiga kelele za furaha, Nasike akatoka dukani na wateja wake.

Kisha moshi. Moshi mweusi kutoka kwa nguzo ya mlango. Nasike akabeba sufuria alimokuwa ameloweka maharagwe, akanimwagia yote, maji na maharagwe. Kiti kinanuka. Akauliza kama moshi haukutoka pale pale nilipotia skrubu. Nikamwambia moshi hutafuta tu pa kutokea, hauonyeshi ugonjwa uko wapi. Akaanza kuokota maharagwe yake.

Nimewaza sana. Wiki mbili zilizopita Kipkemboi aliegemea gari langu akiongea na simu. Aliegemea kwa nini?

Alhamisi, 10 Julai.

Nimeshuka mpaka Bungoma kununua balbu za dashibodi, zote mpya. Muuzaji, kijana mdogo tu, akauliza kama nimeangalia fyuzi. Nikamwambia yeye auze, asitibu. Nimerudi, nimefungua dashibodi, nimezibadilisha moja moja mpaka vidole vikatoka damu. Giza lile lile, ila sasa ni giza la balbu mpya.

Ijumaa, 11 Julai.

Nimepata jibu! Taa ya sola ya Ivy, binti yetu, ile anayosomea. Nimeifunga kwa kamba juu ya dashibodi. Nyuma ya gari nimebandika riflekta mbili za baiskeli. Waya za nini? Ivy amelia kidogo. Nimemwambia baba yake anapigania gari la familia.

Jumamosi, 12 Julai.

Asubuhi mambo yalikuwa matamu. Akina mama walipanda kwa mlango wa ubavuni. Sikumwona mama mkwe, hakuniona. Kupitia kwa Gladwell, katibu wao, alituma salamu ati pazia ni heshima kubwa. Waliokosa nafasi walipanda van ya Kipkemboi, iliyokuja nyuma yetu. Alikuwa anatabasamu, lakini mimi namjua, alikuwa anaumia.

Maombi yakachelewa. Tulitoka Kitale saa kumi na mbili na nusu. Wenyeji walikuwa wamemtumia Mzee Barasa, baba mkwe wangu kule Bokoli, kuku mzima wa kukaanga, kikapu kikawekwa mbele hapo kando yangu. Giza likaingia. Nikawasha taa ya Ivy. Dashibodi ikang'aa! Nikasikia raha mpaka nikapiga mluzi.

Huko nyuma wimbo ukakatika. Vicheko vya kubanwa. Sikujali. Nikajikuna kwapa. Nikachokonoa pua. Kikapu kikazidi kunukia. Nikafunua, nikaingiza mkono, nikapapasa, nikapata firigisi. Najua firigisi ni ya mwenye boma, mkwe haigusi. Lakini nani angeona? Si kuna pazia!

Gladwell akauliza natafuna nini. Nikasema dawa ya kikohozi. Akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma kumbukumbu za mkutano, ati mwenyekiti amejifunika leso usoni tangu tutoke Kitale, maana kivuli cha mkwe wake kimejaa kwa pazia, kikubwa kama ng'ombe, na wote wameona kikijikuna, wameona ya pua, na sasa wameona kikiingia kwa kikapu cha Mzee. Mwenyekiti anauliza tu: ni firigisi?

Nikaimeza nzima.

Hapo Kipkemboi akaanza kunimulika kutoka nyuma. Nikadhani anataka kunipita, nikaongeza mwendo. Mwenyekiti akatuma neno moja kupitia kwa Gladwell: simama. Nikasimama Kiminini. Kipkemboi akashuka mbio. Akasema nusura atugonge mara mbili, sina taa za nyuma, na gari limejaa mama zetu. Akauliza dashibodi ilizimika lini. Nikasema Jumatatu. Na pazia nililifunga lini? Nikasema Jumapili. Akachukua bisibisi, akatoa skrubu moja ya upande wa kulia. Ncha yake ilikuwa na uzi wa shaba. Akaufunga waya kwa tepu, akaweka fyuzi, akawasha. Dashibodi, taa za nyuma, kila kitu! Dakika kumi hazikuisha.

Akina mama wote wakahamia kwake, wakabanana. Mama mkwe alipita leso ikiwa bado usoni. Mimi nikapeleka kikapu Bokoli peke yangu. Dashibodi iliwaka njia nzima, nzuri sana, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumapili, 13 Julai.

Nasike hajapiga kelele. Ni vibaya zaidi. Safari za kanisa amepewa Kipkemboi, na van inaenda kwake Jumatano. Ivy alipozaliwa, gari hili ndilo lililomtoa hospitali siku ya pili na kumleta nyumbani. Nimekaa kwa usukani nikalia kidogo, pazia likiwa limefungwa. Mzee Barasa naye ametuma neno: nimpelekee jogoo mzima, na firigisi yake ikiwa ndani.

Jioni Kipkemboi amekuja kupima nafasi. Ati vifaranga wanahitaji balbu za joto, na Gicheru ndiye atakayetandaza waya. Nimemwambia vizuri. Kisha atahitaji pazia la kukinga upepo, na hiyo kazi aniachie mimi. Amesema hapana. Nitaifanya Jumanne, kabla hajalichukua gari. Kosa langu nimeshaliona: skrubu zilikuwa fupi, ndiyo maana ziliishia kwa waya badala ya kupita. Nimepata ndefu zaidi. Kumi na mbili.