Malalamiko Kuhusu Damu ya Mke Wangu Kuwa Nzuri Kupita Kiasi

Kwa Mkuu wa Maabara,

Mheshimiwa,

Natumaini wewe na darubini zako hamjambo. Mimi ni fundi cherehani, mume wa yule mwalimu wa hesabu mliyemtoa damu wiki iliyopita kupima homoni inayoonyesha akiba ya mayai. Tumeoana miaka sita, mtoto hatujapata. Kwa heshima zote nalalamika: majibu yametoka mazuri mno.

1. Nyumba yetu ilikuwa na utaratibu. Mama yangu akija, alimtazama mke wangu tumboni, akaguna, nami nikaendelea kula. Sasa ananitazama mimi. Siku hizi nakula jikoni.

2. Mama mkwe ameitia plastiki karatasi ya majibu na kuizungusha kwa majirani: "Mwanangu ana miaka thelathini na minane, damu inasema ishirini na mitano!" Daktari alieleza wazi kwamba kipimo hakiahidi mimba, kinakadiria tu mayai yaliyobaki. Sehemu hiyo mama mkwe hakuisikia.

3. Shemeji yangu kinyozi aliniuliza mbele ya wateja, "Shemeji, kumbe cherehani ni nzima. Sindano je?" Walicheka hadi mmoja akakatwa sikio. Sikio hilo nalo liko juu yenu.

4. Mke wangu hajanisimanga hata neno moja, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Siku ya majibu alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, nikadhani mambo yameharibika. Akasema, "Miaka sita nimeomba radhi kwa kosa nisilolijua." Nikaenda kupiga pasi suruali iliyokwisha kupigwa pasi.

5. Daktari ameandika kwamba sasa nipimwe mimi, damu na mbegu. Mheshimiwa, tangu lini mwanamume akapimwa? Nina ndevu, nina sauti nzito, na babu yangu alizaa watoto kumi na wanne. Mnataka ushahidi gani tena?

Kwa hiyo naomba mumshushie mke wangu namba, si sana, ifike katikati tu, ili lawama tugawane kama wanandoa wema. Ikishindikana, basi mimi nipandishiwe yangu bila kuchomwa sindano.

Nisalimieni wauguzi wote, bwana anayepiga deki, na yule dada wa mapokezi anayeita wagonjwa kama yuko mnadani.

Wako mtiifu, aliyeonewa na sayansi,
Fundi Suruali

N.B. Barua hii naiandikia kwenye benchi lenu, foleni namba kumi na saba. Hakuna aliyenikokota. Asubuhi nilimwambia mama, mke wangu akisikia, "Mama, kama kuna kosa, tutalitafuta wote wawili, na tukilipata halitakuwa la mtu." Mama akanifungashia chai. Sasa wameita kumi na sita. Mkono wa kulia naandikia, wa kushoto ameushika mke wangu na hauachii. Sijui mtatoboa upi.